Betri ikizima usikimbilie dukani, na ukinunua mpya uliza ile kuukuu yaenda wapi

Mengi tunayosoma kuhusu betri za gari yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao huamka asubuhi nje kuna theluji, gari halishiki, basi kwao adui wa betri ni baridi. Sisi huku adui wetu ni joto. Baridi huifanya betri kuwa mvivu asubuhi ile tu. Joto huila kutoka ndani, mwaka mzima, kimya kimya, hata siku moja wageuza ufunguo wasikia "tk" na baada ya hapo hakuna kitu. Ndiyo sababu betri ambayo ingekaa miaka mitano Ulaya, kwetu ikitimiza mitatu mwenyewe huona amepata.

Nalisema hili kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa, msimu wa maembe ukifika, mimi huwa njiani baina ya Mombasa na Kalamba. Wasiopajua, Kalamba ni kule Makueni, Ukambani. Waiacha barabara kuu ya Nairobi, waingia ndani upande wa Wote. Ndiko kilikojengwa kiwanda cha matunda cha kaunti wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, na kuanzia mwisho wa mwaka pikapu na malori hujazana huko, mengine yapeleka kiwandani, mengine yashuka Kongowea. Gari linalofanya safari hii laonja mateso ya pande zote mbili. Mombasa kuna unyevu na hewa ya chumvi, Kalamba kuna jua kavu na vumbi. Na chini ya boneti, kando ya injini, joto ni zaidi ya lile unalolihisi wewe ukiwa nje.

Tuanze na kilichomo ndani ya lile sanduku. Betri ya volti 12 ni vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja, kila chumba chatoa volti 2 na kitu kidogo. Ndani ya kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika maji yaliyochanganywa na asidi. Umeme ukitoka, ile asidi huingia kwenye sahani na kuzigandisha kwa ukoko mweupe. Gari likiwaka, altaneta hurudisha umeme na ule ukoko huyeyuka, asidi ikarudi kwenye maji. Betri ikiachwa siku nyingi bila chaji, ukoko hukauka ukawa kama jiwe na hauyeyuki tena. Joto nalo lina kazi zake: huyakausha maji, huozesha vyuma vinavyoshika zile sahani, na huifanya betri kujimaliza yenyewe hata gari likiwa limesimama. Mafundi wana kipimo chao cha makadirio, kwamba kila joto likizidi kwa digrii 10, umri wa betri hupungua karibu nusu.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni maji. Betri nyingi za siku hizi zimezibwa, hazina vifuniko vya kufungua, na hizo hazina la kuongezwa. Lakini zile zenye vifuniko sita bado ziko nyingi, hasa kwenye pikapu na malori. Ubavuni zina mistari miwili, wa juu na wa chini, na maji yatakiwa yawe baina yake. Sahani zikibaki wazi, ile sehemu iliyokauka ndiyo imekwenda. Huongezwa maji ya betri tu, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye chupa petroli stesheni. Si ya bomba, wala si ya kisima. Hapa Pwani twajua maji ya visima vyetu yalivyo, na Kalamba ni hivyo hivyo, visima vingi vya Ukambani vina chumvi ambayo mtu aionja kwenye chai. Chumvi ile na madini yake ikiingia kwenye betri haitoki tena, yabaki kula sahani. Chupa ya maji ya betri ni bei ya soda mbili tatu.

Na usimwache mtu akuongezee asidi. Kuna vijana mitaani wanaojiita wafufuaji wa betri, wamwaga asidi mpya kwenye betri iliyochoka nayo yaamka kwa wiki moja au mbili. Asidi haivukizi. Kinachovukiza ni maji. Ile asidi unayodhani imepungua imo ndani ya sahani, imeganda, na ukiongeza nyingine waziunguza zile sahani zilizosalia.

Cha pili ni vichwa vya betri na vile vibano vinavyovishika. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale si uchafu wa kawaida, ni chuma kinacholiwa na mvuke wa asidi, na hewa yetu ya bahari yauongezea kasi. Hutolewa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, brashi kuukuu ya meno au ya waya, kisha pakaushwe, vibano vikazwe, na mwisho pakwe grisi au mafuta ya mgando juu yake. Ni kazi ya dakika kumi kila miezi mitatu. Ukivua vibano, anza na cha hasi, na ukirudisha, cha hasi kiwe cha mwisho. Sababu ni kuwa mwili wote wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi cheche zitaruka, na betri iliyokuwa ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara iweke mbali kabisa.

Kuna kisa kimoja nilichokishuhudia Kalamba ambacho kwangu chafaa kuliko maelezo mengi. Mwenzangu wa Kisauni alikuwa na pikapu imeshapakiwa, maembe yako nyuma, saa tisa mchana, jua la kuchoma. Gari likakataa kushika. Muuza vipuri wa karibu hakuishika hata boneti, alisikia ile "tk" akasema betri imekufa, akataja elfu kumi na nne. Mwenzangu alikuwa ashatoa simu alipe. Kijana fundi wa umeme, wa pale pale, akamwambia, "Mzee, ngoja kwanza tupime." Akaleta mita yake ndogo, ile ya bei rahisi inayouzwa kila mahali.

Alipima kwanza betri ikiwa imetulia: 12.5. Hiyo ni betri yenye afya. Kwa faida ya msomaji, betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ina nusu, na ikifika 12.0 imebaki na robo tu. Chini ya hapo ni tupu, ingawa neno 12 kwenye mita huwadanganya wengi wakadhani kila kitu ki sawa. Kisha akamwambia mwenzangu ageuze ufunguo huku yeye akitazama mita. Betri dhaifu ingeanguka, ikafika 9 au chini yake. Hii haikuteremka sana. Ndipo alipofanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: aliweka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri, na ncha nyingine juu ya kibano kilichokishika, akasema geuza tena. Baina ya vyuma viwili vinavyogusana mita yapaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma volti 4. Maana yake umeme ulikuwemo tele, lakini ulikuwa haupiti pale kwenye kibano. Alikivua, ndani kulikuwa kweusi na unga, akakikwangua, akakaza. Gari likashika mara moja. Akapima tena injini ikiwa yanguruma, ikasoma 14.1, akasema altaneta nayo ni nzima. Alilipwa mia tatu, na mimi naona ni kidogo.

Hiyo namba ya mwisho ikumbukwe. Injini ikiwa yawaka, mita isome baina ya 13.8 na 14.4 au karibu na hapo. Ikisoma 12 na kitu, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri tatu mpya zote zitakufa. Ikisoma 15 au zaidi, yachaji kupita kiasi na yaichemsha betri. Nimewaona watu waliobadilisha betri mara mbili kwa mwaka wakalaumu kampuni ya betri, na tatizo ni altaneta au mkanda wake uliolegea.

Ipo njia ya mitaani ya kupima altaneta ambayo ningependa ife kabisa: kuvua kibano cha betri gari likiwa lawaka, likiendelea kuwaka wasema altaneta nzima. Kwa magari ya zamani labda. Magari ya leo yana kompyuta ndani, na betri ndiyo inayoutuliza umeme wa altaneta. Ukiivua ghafla, volti zaweza kuruka juu zikaunguza ile kompyuta, ambayo bei yake si ya betri moja wala mbili.

Asiye na mita naye ana taa za mbele. Washa taa, kisha geuza ufunguo. Taa zikizimika au zikawa kama mshumaa, shida ni betri au vibano. Zikibaki zang'aa na stata haizunguki, shida huenda iko kwenye stata yenyewe. Na kama betri ina vifuniko, fundi mwenye kile kipimo cha bomba la kioo chenye boya ndani aweza kupima asidi ya kila chumba. Vyumba vitano vikiwa sawa na kimoja kiko chini mno, hicho chumba kimekufa, na hapo hakuna dawa ila kununua nyingine.

Mazoea yetu pia huua betri. Mjini Mombasa twaendesha vipande vipande: kutoka Kibokoni hadi Marikiti, injini yazimwa, Marikiti hadi Makadara, yazimwa tena. Kila kuwasha kwachota umeme mwingi kwa mara moja na altaneta haipati muda wa kuurudisha. Angalau mara moja kwa wiki gari lipewe nusu saa ya barabara. Na ndugu zetu walioko Oman na Dubai wanaoacha magari nyumbani miezi na miezi: ile alama ya wizi na kile kifaa cha kufuatilia gari havilali, vinakunywa matone kwa matone. Mwambie uliyemwachia ufunguo akivue kibano cha hasi, au aichaji betri kila mwezi. Kuwasha gari dakika tano kila Ijumaa "liamke" hakusaidii kitu, kwanza kwachota zaidi ya kinachorudi.

Kuhusu kujampu gari nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu ajiona mtaalamu. Waya mwekundu toka chanya ya betri iliyokufa hadi chanya ya nzima. Waya mweusi toka hasi ya nzima, na ncha ya mwisho usiifunge kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma kitupu cha injini ya lile gari bovu, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Asidi ikikurukia, maji mengi, tena mengi, na ikiwa ni jicho, hospitali.

Sasa tuseme umepima na kweli betri imekwisha. Kwanza nunua inayolingana na ile iliyotoka. Gari ndogo za Kijapani mara nyingi huchukua zile ziitwazo NS40 au NS60, na pikapu N50 au N70. Nyingine zimeandikwa kwa mfano 46B24L: zile tarakimu za mwanzo ni nguvu, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho yaonyesha upande vilivyo vichwa. Ukikosea herufi hiyo waya hazitafika, au fundi atazivuta kwa nguvu zikagusa mahali pabaya. Magari mengi yanayoingia sasa bandarini kwetu ni yale yanayojizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha. Hayo yana betri zake maalumu, alama zake huanza na herufi kama Q au M, na ukitia ya kawaida kwa kuwa ni rahisi itakufa kabla hujaizoea. Pili, tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima kwenye duka la bati, Kalamba au Kongowea, si mpya tena. Mwambie muuzaji aipime mbele yako, na ikisoma chini ya 12.4 mwachie mwenyewe. Tatu, risiti na kadi ya dhamana, tarehe iandikwe. Na ikifungwa, ikazwe kwenye kitako chake isitikisike, kwa sababu barabara za vumbi za kule juu huzivunja sahani ndani kwa ndani.

Hapo ndipo watu wengi humaliza, na hapo ndipo mimi naona habari yaanza. Ile kuukuu yaenda wapi?

Kalamba nimeziona zikienda njia mbili. Ya kwanza ni nyumbani. Betri iliyoshindwa kuwasha gari bado ina nguvu ya kuwasha taa na redio, basi huunganishwa na paneli ya sola na kuwekwa chini ya kitanda au kando ya jiko. Siwalaumu, ni akili ya kutumia kilichopo. Lakini betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, haikuundwa kumalizwa kila usiku, hivyo haidumu. Na chumba wanacholala watoto si mahali pa gesi na asidi. Kama haina budi, iwe nje barazani, juu ya ubao, imefunikwa jua, na watoto hawaifikii.

Njia ya pili ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopima kwa kilo. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ina soko. Kuna wanaoipasua kwa shoka, asidi wakaimwaga mchangani, sahani wakaziyeyusha kwenye sufuria juu ya makaa. Sisi watu wa Pwani tusijifanye hatujui. Chubwi ngapi za nyavu na mishipi zimeyeyushwa uani kwa namna hiyo hiyo, mke yuapika hatua tatu kando? Moshi ule na vumbi lake ni sumu. Risasi mwilini haina kiwango kisicho na madhara, Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu akili na mishipa yake bado vyajengwa, na kwa sababu mikono yake hutoka mchangani ikaenda mdomoni.

Na sisi tuna Owino Uhuru. Mtaa ule uko Mikindani, hapa hapa Mombasa, una watu kama elfu tatu. Mwaka 2007 palijengwa kando yake kiwanda cha Kenya Metal Refineries EPZ, kazi yake kuyeyusha betri kuukuu za gari kupata risasi ya kusafirishwa nje. Moshi ukaingia majumbani, maji machafu yakapita mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, mtoto wake mchanga aliugua akapatikana na risasi damuni, naye akaanza kupiga kelele ambazo wengi hawakutaka kuzisikia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi ule 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu miaka, toka kiwanda kifungwe hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mtaani pale mwaka kilipofungwa alikuwa ashaingia madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Zile betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwenye magari kama yetu, kwa watu waliopata mia kadhaa za chakavu wakaenda zao. Hilo ndilo linalonifanya nikazanie swali. Wauzaji wengi wa betri mpya hukupunguzia bei ukiwarudishia kuukuu, kwa kuwa kampuni zinazotengeneza zaihitaji ile risasi na zina njia ya kuikusanya. Hawakupi zaidi ya mnunuzi wa chakavu kila wakati, pengine mia mbili tatu pungufu. Chukua hiyo hiyo, lakini muulize muuzaji ampelekea nani. Asiyeweza kujibu hilo, naye atamuuzia mwenye shoka.

Na ukiisafirisha, isimame wima, vichwa vyake vifungwe mpira au plastiki, iwekwe ndani ya beseni. Usiilaze juu ya magunia, na usiipakie na chakula. Nimeona pikapu ikishuka Kongowea, betri iliyovuja imelala juu ya maembe, na hakuna aliyeyatenga yale ya chini yake.

Yule kijana wa Kalamba aliyempimia mwenzangu zake huzipanga juu ya mbao, chini ya bati, mbali na tangi la maji. Gari la muuzaji likitoka Wote kuleta mpya, halirudi tupu, labeba zile kuukuu zote na yeye apewa hesabu yake kwa maandishi.